Pima Mzigo Kwanza, Ndipo Ununue Kamera ya Reli

Niliwahi kupiga picha mlango wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Hakukuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo nilipandisha fremu ya mbele ya kamera ili dirisha la ghorofani nalo liingie bila nyumba kuonekana inaanguka kinyumenyume. Kioo cha nyuma kilinionyesha kila msumari wa shaba. Nikafunga kichujio na kofia ya mvukuto mbele ya lenzi, nikachomeka filamu, nikasubiri wingu lipite, nikapiga. Filamu iliposafishwa, misumari ya chini ilitoka kali na ya juu imefifia kama iliyopakwa mafuta. Lenzi haikuwa na kosa. Ule uzito mdogo niliouongeza baada ya kulenga uliinamisha fremu ya mbele kidogo kidogo wakati mimi natazama mawingu.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unatafuta kamera ya reli, ile yenye fremu ya lenzi mbele, fremu ya kioo nyuma na mvukuto katikati, zote juu ya reli moja, na tayari unajua utaibebesha: lenzi kubwa, kofia ya mvukuto, holda ya filamu ya roli, au kamera ya kidijitali iliyofungwa nyuma. Usianze na jina la kamera. Anza na mzigo.

KWA NINI UZITO UNAHARIBU PICHA

Kamera ya kawaida hutoka kiwandani lenzi na filamu zikiwa sambamba, na wewe huna la kuamua. Kwenye kamera ya reli kila fremu inapanda, inashuka, inasogea pembeni, inainama na kugeuka. Mwaka 1904 Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria aliyeshughulika na ramani zinazotokana na picha za angani, alipata hataza iliyoeleza kinachotokea: bapa la lenzi, bapa la filamu na bapa la ukali hukutana kwenye mstari mmoja. Inamisha lenzi kidogo tu, na ukali unalala juu ya meza nzima kuanzia bakuli la mbele hadi sahani ya mwisho. Ndiyo maana watu hununua kamera hii. Lakini kanuni haijui kama lenzi imeinamishwa na mkono wako au na uzito wa kofia.

Uzito wenyewe ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni umbali wake kutoka kwenye kiungo kinachoubeba. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha jaribu kuishika mkono ukiwa umenyooka mbele. Maji ni yale yale, bega ndilo linaloona tofauti.

Tufanye hesabu. Lenzi ya gramu 1,250 ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 4 mbele ya kiungo inavuta 1,250 × 4, yaani 5,000. Kofia na kichujio vya gramu 300 vilivyo sentimita 15 mbele vinavuta 300 × 15, yaani 4,500. Umeona? Kifaa chepesi kilicho mbali kinakaribia kuvuta sawa na lenzi nzito iliyo karibu. Mtu anayepima kwa kunyanyua mkononi tu hawezi kulijua hili.

Halafu kuna suala la kilicho nyuma ya kamera, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, doa linalokubalika, yaani nukta iliyofifia ambayo jicho bado huiona kali, ni kama milimita 0.1. Ukipiga kwa f/22, nafasi ambayo filamu inaweza kusogea mbele na nyuma bila jicho kulalamika ni 2 × 22 × 0.1, yaani milimita 4.4. Sasa funga sensa ya kidijitali, ambayo doa lake ni kama milimita 0.005, upige kwa f/8: 2 × 8 × 0.005 ni milimita 0.08. Hiyo ni pungufu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Kamera ile ile iliyokutumikia vizuri kwa filamu miaka kumi inaweza kukuangusha siku ya kwanza ya sensa, na haijaharibika popote.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA MZIGO WAKO

Utahitaji mizani ya jikoni, rula na karatasi.

1. Weka mezani kila kitu utakachofunga kwenye kamera, pamoja na kile unachopanga kununua mwaka huu.
2. Pima kimoja kimoja. Lenzi ipimwe ikiwa kwenye kibao chake na shata yake.
3. Gawa mafungu mawili: vinavyokaa mbele na vinavyokaa nyuma.
4. Kwa kila kimoja, andika umbali kutoka kwenye kiungo cha fremu hadi katikati ya uzito wake. Kukadiria kwa rula kunatosha.
5. Zidisha uzito kwa umbali, kisha jumlisha kila fungu.
6. Ongeza nusu ya jumla hiyo. Hiyo nusu ni ya upepo, na ya mkono wako unaposukuma holda.

Kabla hujatafuta kamera kubwa, jiulize kama mzigo unaweza kupungua. Nikkor-W ya milimita 300 yenye f/5.6 ina uzito wa kama kilo 1.25. Nikkor-M ya milimita 300 hiyo hiyo, lakini yenye f/9, ina gramu 290 hivi. Utalipia kwa kioo chenye giza zaidi wakati wa kulenga, na duara lake la picha ni dogo zaidi, lakini kwa filamu ya 4 kwa 5 linatosha vizuri. Mtu akiniuliza anunue kamera nzito kwa ajili ya lenzi moja kubwa, mara nyingi namshauri abadilishe lenzi.

Vivyo hivyo kwa kamera ya kidijitali ya kufunga nyuma. Chagua isiyo na kioo cha ndani. Mbali na wepesi, umbali kati ya mdomo wake na sensa ni mdogo: milimita 18 kwa Sony E, wakati Canon EF ni 44 na Nikon F ni 46.5. Umbali huo mdogo unakuachia nafasi ya kutumia lenzi fupi bila fremu mbili kugongana.

HATUA YA PILI: IJUE AINA YA KAMERA

Kamera za mbao za kukunja ni tamu kubeba. Intrepid ya Uingereza, inayotengenezwa kwa mbao za tabaka, ina kilo 1.2 hivi katika ukubwa wa 4 kwa 5. Ni kamera nzuri kwa kupanda nayo mlimani ukiwa na lenzi ndogo, lakini haikutengenezwa kubeba kilo nzima kwenye ncha ya mvukuto. Kamera za chuma za kukunja kama Linhof Technika ni imara zaidi, ila miondoko ya fremu yake ya nyuma ni michache.

Kwa vifaa vizito, njia inaelekea kwenye kamera ya reli, na hapa inafaa tukae kidogo.

Chukua Sinar kama mfano, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwenye soko la mtumba. Carl Koch wa Schaffhausen, Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga picha, aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa wazo kwamba kamera iwe ya vipande vinavyobadilishana. Baadaye zikaja familia mbili ambazo mnunuzi lazima azitofautishe. Sinar f ni nyepesi. Fremu zake hukazwa kwa msuguano: unalegeza nobu, unainamisha kwa mkono, unakaza. Sinar p, iliyotoka mwaka 1970, inainama na kugeuka kwa gia. Unazungusha nobu na fremu inasogea taratibu, nawe ukiachia inabaki pale pale.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Kiungo cha msuguano ukikilegeza, kwa sekunde ile mzigo wote uko mikononi mwako. Kama nyuma kuna sensa ya bei kubwa, utashika kwa mkono mmoja na kulenga kwa mwingine, na utakapokaza, fremu itaruka nusu digrii. Gia ya parafujo inabeba mzigo muda wote, hata unaporekebisha. Gharama yake ni uzito: p ni karibu mara mbili ya f.

Kwa kuwa vipande vinabadilishana, hulazimiki kununua p nzima. Sinar c ilikuwa hivyo hasa: mbele f, nyuma p. Ikiwa mzigo wako mkubwa uko nyuma, mchanganyiko huo unakufaa sana na unakupunguzia uzito wa kubeba ngazini.

Usidhani Sinar peke yake ndiyo kamera. Toyo na Horseman za Japani, Cambo ya Uholanzi, Linhof Kardan ya Ujerumani na Arca-Swiss zote zimetoa kamera za reli zinazostahimili. Angalia tu kibao cha lenzi, maana hakibadilishani hovyo: Sinar ni milimita 140 kwa 140, Toyo kubwa 158 kwa 158, Cambo 162 kwa 162, na Linhof Technika 96 kwa 99. Kibao kikubwa kinaipa lenzi nzito mahali pa kushika. Lenzi yenye shata ya Copal 3 inataka tundu la kama milimita 65, na ukilitoboa kwenye kibao kidogo, chuma kinachobaki pembeni ni chembamba.

ONYO
Kamera nyingi zina kiungo cha kuinamia chini kabisa ya fremu, karibu na reli. Ukilegeza kiungo hicho wakati nyuma kuna mzigo, fremu yote inaanguka kwa kishindo. Shika fremu kwa juu kabla ya kugusa nobu, kila mara, hata kama umefanya kazi hiyo mara elfu. Kama mzigo wako ni mzito, pendelea kamera inayoinama katikati ya fremu, au yenye gia.

HATUA YA TATU: JARIBIO LA CHUPA YA MAJI

Lita moja ya maji ni kilo moja. Huhitaji maabara.

1. Funga kamera kwenye tripodi imara. Fremu zote ziwe wima, nobu zote zimekazwa kwa nguvu ya vidole tu, bila koleo.
2. Toa lenzi, weka kibao kitupu chenye tundu. Hujaribu lenzi, na huna sababu ya kuihatarisha.
3. Pitisha kijiti imara kwenye tundu, kifungwe vizuri kwa ndani, kitokeze mbele sentimita 10.
4. Simamisha rula mbele ya ncha ya kijiti. Andika ncha iko milimita ngapi.
5. Ning'iniza kwenye ncha chupa yenye maji yanayolingana na hesabu yako. Kama jumla yako ilikuwa 7,500, basi kwenye sentimita 10 weka gramu 750.
6. Soma rula. Kunywa chai. Soma tena baada ya dakika 10.
7. Toa chupa, soma mara ya tatu.
8. Rudia kwa fremu ya nyuma, kisha rudia zote mbili fremu zikiwa zimepandishwa hadi mwisho.

Namba tatu hizo zinasema mambo tofauti. Ncha ikishuka milimita moja, ikatulia, na ikarudi pale pale chupa ilipotolewa, chuma kimejikunja kama upinde. Hiyo inavumilika kwa filamu, mradi ulenge baada ya kufunga kila kitu. Ikiendelea kushuka kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, kiungo kinateleza, na hapo ndipo ulipo ugonjwa ulioniharibia picha ya mlango. Isiporudi baada ya kutoa mzigo, kuna kitu kimelegea au kimechakaa. Kamera inayoteleza usiinunue kwa kazi hii hata ikiwa nusu bei.

Namba 8 watu huiruka. Fremu iliyoshushwa huwa ngumu kama jiwe. Ikipandishwa hadi juu, mkono wake umekuwa mrefu na uchakavu wote unajitokeza. Na kwenye vichochoro vyetu, juu ndipo utakapokuwa siku zote.

KUNUNUA MTUMBA BILA KUISHIKA

Kamera nyingi za aina hii zitakufikia kutoka Ulaya, Marekani au Japani, zimekaa studio miaka 30 au 40. Omba video, siyo picha tu. Muuzaji mwaminifu hakatai kuning'iniza chupa ya maji mbele ya simu yake kwa dakika kumi.

Katika video, tafuta haya:

☐ Muuzaji ashike juu ya fremu na kuitikisa mbele na nyuma. Je, kuna mchezo kabla kiungo hakijashika?
☐ Kila gia izungushwe mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati, grisi imekauka. Ikiruka, jino limekatika. La kwanza fundi anaweza kulisafisha, la pili achana nalo.
☐ Vibano vya reli vionekane kwa karibu. Baadhi ya modeli za bei nafuu zilitumia plastiki, na plastiki ya umri huo hupasuka kwenye kona.
☐ Reli ivingirishwe juu ya kioo cha meza, kama ni ya mviringo. Reli iliyopinda haijifichi.
☐ Mvukuto uvutwe wote, taa iwashwe ndani yake, chumba kiwe giza. Nukta za mwanga kwenye kona ni matundu.
☐ Pima maji zilizo kwenye fremu ziwe na kiputo ndani. Nyingi zimekauka, hilo ni dogo, ila litumie kupunguza bei.

Ikifika mwambao, adui wake ni chumvi na unyevu. Usiiweke kwenye sanduku lililofungwa bila kifyonza unyevu, maana kuvu huanza kwenye mvukuto na kuhamia kwenye lenzi. Na nakuomba sana: usitie mafuta ya cherehani kwenye viungo vya msuguano. Nimeona kamera nzuri ikiteleza kama sabuni kwa sababu mwenyewe alitaka iwe laini. Sehemu zinazobanana zifutwe kwa spiriti na zibaki kavu. Mafuta ni ya gia peke yake, tone moja moja.

TRIPODI ISIWE MASKINI KULIKO KAMERA

Jumlisha kamera, lenzi na vifaa vyote, kisha usome kichwa cha tripodi kimeandikwa kubeba kilo ngapi. Manfrotto 410, kichwa cha gia kinachopendwa sana, kimepangiwa kilo 5. Sinar p yenye lenzi imeshavuka hapo kabla hujafunga kofia. Manfrotto 405 kimepangiwa kilo 7.5, na 229 kilo 12. Chagua kichwa chenye parafujo ya inchi 3/8. Ile ya 1/4 ni nyembamba kwa mzigo huu. Kichwa cha mpira mmoja sikishauri kabisa: ukikilegeza, kilo 8 zinaanguka upande wowote zinaoutaka.

Kisha sogeza reli juu ya kibano mpaka pande zote mbili zilingane, kama mchukuzi wa mzegazega anavyosogeza mti begani hadi madebe mawili yatulie. Lenzi ndefu ikiwa mbele, reli irudi nyuma. Ukibadilisha lenzi, tafuta mlingano upya. Mvukuto mrefu nao huteremka katikati kwa uzito wake na kukata kona za picha. Uinue kwa fremu ya akiba au hata kwa kamba laini.

MAKOSA NINAYOKUTANA NAYO MARA NYINGI

Kukaza nobu kwa koleo ili kuzuia kuteleza. Utakata nyuzi za parafujo, na kiungo kitaendelea kuteleza.

Kudhani kamera nzito ni kamera imara. Kuna kamera za kilo 5 ambazo uzito wote uko kwenye reli, wakati kiungo cha fremu ni chembamba kama kidole. Tazama kiungo.

Kutumia miondoko ya nyuma na ya mbele kwa pamoja ilhali mwondoko mmoja ungetosha. Kila nobu unayoilegeza ni mahali papya pa kuteleza. Zinazobaki kwenye sifuri zifunge na uzisahau.

Kununua reli ndefu kwa tahadhari. Reli ikitokeza bila kazi inatetemeka kwa upepo. Fupi ndiyo ya kila siku. Ongeza kipande siku ya kupiga kitu kwa karibu sana.

SIKU YA KAZI, KWA MPANGILIO HUU

1. Tripodi kwanza, miguu imefunguka yote, pima maji imetulia.
2. Kamera bila lenzi. Kaza kibano cha reli.
3. Lenzi, kichujio, kofia. Kila kitu cha mbele kiwe mahali pake sasa, siyo baadaye.
4. Kifaa cha nyuma, au kitu chenye uzito unaolingana nacho.
5. Tafuta mlingano wa reli.
6. Panga picha, inamisha, pandisha, kaza.
7. Lenga kwa lupu kwenye pembe nne za kioo, siyo katikati tu.
8. Subiri dakika mbili bila kugusa chochote.
9. Tazama pembe nne tena. Kama moja imefifia, kuna kiungo kinachoteleza: kitafute kabla ya kupiga.
10. Funga shata, chomeka holda huku mkono wa pili ukiishika fremu ya nyuma, subiri mtikisiko uishe, piga kwa waya wa kubonyezea.

Unapofungua, rudi kinyume: kifaa cha nyuma kitoke kwanza, kisha kofia na lenzi, na nobu za kuinamisha zilegezwe mwisho kabisa, wakati hakuna tena cha kuanguka.